Je, wajua kwa nini bega huuma kwenye benchi presi, zoezi la kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu?

Mwenye kunyanyua vyuma akianza kulalamika bega, kwanza hulaumu uzito. Mara nyingi uzito hauna kosa. Tatizo ni kwamba benchi linalifunga kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, huku mkono ukiendelea kutembea.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira, nacho hukaa kwenye kisahani kidogo kisicho na kina, ukingoni mwa kombe. Nyonga ina shimo, bega halina. Ndiyo maana mkono huzunguka kila upande, na ndiyo maana hutegemea misuli minne midogo kukishikilia kichwa hicho katikati. Kano ya msuli wa juu kati ya hiyo minne hupita chini ya paa la mfupa, kwenye uwazi wa takribani sentimita 1 tu.

Ukisukuma ukuta, kombe huteleza juu ya mbavu likiufuata mkono. Ukilala kwenye benchi haliwezi: limebanwa na mgongo wako na uzito ulioshika. Sasa tandaza viwiko nyuzi 90 kutoka mbavuni, kisha teremsha chuma kuelekea shingoni. Mkono unashuka nyuma ya mwili, kichwa cha mfupa kinasukumwa mbele, kano zinasagwa. Hilo ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote, na hata chuma kitupu cha kilo 20 kinatosha kuliudhi bega likirudiwa kila wiki.

Dawa huanza kabla chuma hakijatoka kwenye vishikizo, nguzo zinazokibeba juu ya benchi. Vuta makombe yote mawili nyuma, yakaribiane, kisha yashushe kuelekea kiunoni. Kifua kitainuka chenyewe. Matako yabaki kwenye benchi na nyayo zikandamize sakafu. Halafu angalia urefu wa vishikizo, jambo ambalo wengi hulipuuza. Vikiwa juu mno, unalazimika kunyoosha mabega ili ukitoe chuma, na makombe uliyoyapanga yanafunguka papo hapo. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo unaposhika, na chuma kikiinuka kivuke vishikizo kwa sentimita 2 au 3 tu. Kwenye uzito mkubwa, mwenzako akutolee chuma.

Wakati wa kushusha, viwiko vikae kati ya nyuzi 45 na 70 kutoka mbavuni. Chuma kiguse chini ya kifua, karibu na mwisho wa mfupa wa katikati ya kifua, na mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja usimame wima chini yake. Kikipanda, kirudi kidogo upande wa uso mpaka kiwe juu ya mabega. Usivibane viwiko mbavuni kabisa. Hapo mzigo hukimbilia viwiko na vifundo vya mikono.

Kuhusu mshiko: kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kunyanyua vyuma vizito (powerlifting), huruhusu sentimita 81 kati ya vidole vya shahada, na dole gumba lazima lizunguke chuma. Wengi hushika upana huo wote ili safari ya chuma iwe fupi. Ni faida halali, ila bega ndilo hulipa. Kuanzia 2023 kanuni hiyohiyo inataka sehemu ya chini ya kiwiko ifike usawa wa juu ya bega au ishuke zaidi, kwa hiyo ufupi wa safari umewekewa mpaka. Pima mabega yako ncha hadi ncha, uzidishe kwa 1.5. Mwenye sentimita 40 ashike 60 kwa seti zake nyingi, na mshiko mpana autunzie wiki za karibu na mashindano.

Kuna mtuhumiwa mwingine asiyefikiriwa: skwati, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mgongoni. Chuma kikiwekwa chini kidogo mgongoni, kwenye makombe, na mikono ikakishika kwa karibu sana, mbele ya bega hunyooshwa kwa nguvu, kisha siku ya benchi ndipo maumivu hujitokeza. Panua mshiko wa skwati, au pandisha chuma sentimita 2 mgongoni, uone tofauti.

Nje ya benchi, liachie kombe litembee. Pushapu zinafaa sana kwa hili: juu kabisa, sukuma sakafu zaidi mpaka mgongo wa juu uinuke, seti 3 za mara 12. Ongeza kuvuta mkanda wa mpira unaonyumbuka kuelekea usoni, seti 3 za mara 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki, na seti za kuvuta dambeli zisipungue zile za kusukuma. Lakini kuvuta kwingi hakuponyi benchi lililopangwa vibaya.

Bega likishaanza kuuma, lala sakafuni badala ya benchi: sakafu inasimamisha viwiko kabla havijapita mwili. Punguza uzito, shusha kwa sekunde 3. Maumivu yakikuamsha usiku, au mkono ukakosa nguvu ya kuinuka, nenda hospitali. Na ukisikia kitu kimekatika karibu na kwapa chuma kikiwa chini, kisha pakavilia damu, usingoje wiki ipite: huenda kano ya kifua imechanika, na kuirekebisha mapema ni rahisi kuliko baada ya kujikunja na kupata kovu.