Kalapahar Hakulibomoa Kamakhya

Kila ikifika Juni, msimu wa sikukuu ya Ambubachi, simu yangu hujaa video ile ile: hekalu la mungu wa kike Kamakhya juu ya kilima cha Nilachal, Guwahati, katika jimbo la Assam nchini India, muziki wa kutisha, na msimulizi anayetuambia kuna sanamu inayotokwa damu katika hekalu lililobomolewa na Kalapahar, jemadari wa karne ya 16. Mwaka huu aliyeileta ni mwanafunzi wangu mwenyewe. Basi tuyamalize.

Mepesi kwanza. Hakuna sanamu inayotokwa damu, kwa sababu ndani ya garbhagriha, chumba kitakatifu cha ndani kabisa, hakuna sanamu. Unashuka ngazi nyembamba za mawe gizani, katikati ya joto la taa na jasho la waliokutangulia, mpaka kwenye mwamba wenye ufa, umefunikwa kitambaa na maua, chemchemi ikiulowesha mchana na usiku. Unagusa maji, kuhani anakuhimiza, unapanda. Hapo ndipo inaposemwa ilianguka yoni, yaani uke, ya Sati, mke wa mungu Shiva, mwili wake ulipokatwa vipande. Sanamu ya madini ya kubebwa kwenye sherehe ipo, lakini inakaa chumba cha mbele, chalanta. Siku tatu za Ambubachi milango hufungwa kwa kuwa Devi, yaani mungu wa kike mwenyewe, yuko hedhini, wakulima hawalimi, na siku ya nne waumini hugawiwa vipande vya kitambaa chekundu. Nao mto Brahmaputra, unaosemwa kugeuka damu siku hizo, haugeuki. Juni ni wakati wa mvua kubwa huko. Mto unashuka na tope.

Sasa Kalapahar, ambaye ndiye hasa anayenikosesha usingizi.

Ndani ya hekalu kuna maandishi yaliyochongwa yanayosema jengo hili lilisimamishwa mwaka 1565 na mfalme Naranarayan wa Koch, ufalme wa eneo hilo, kupitia ndugu yake Sukladhwaj, jemadari anayejulikana zaidi kwa jina la Chilarai. Kalapahar alikuwa jemadari wa akina Karrani, masultani wa Bengal, na jina lake limeandamana na uvamizi wa Puri, mji wa mahekalu huko Odisha, mwaka 1568. Vita vya Karrani na Koch ni vya miaka hiyo hiyo. Sasa nieleze, ndugu yangu: mtu wa 1568 anabomoaje kitu ambacho mwaka 1565 kilikwisha jengwa upya kutoka magofuni? Hesabu ya darasa la pili inatosha. Lakini kuanzia Odisha mpaka Assam, kila sanamu iliyovunjika pua anabebeshwa Kalapahar. Anafaa mno kwa hadithi: inasimuliwa alikuwa Brahmini aliyesilimu, na adui aliyetoka ndani ya nyumba huuma kuliko wa nje.

Wanahistoria wengi sasa humtaja Hussein Shah, sultani wa Bengal, kuwa ndiye mbomoaji: aliuangusha ufalme wa Kamata, uliotawala eneo hilo kabla ya Koch, mwaka 1498. Tarehe zinakubali. Ila vitabu havikwambii jinsi hoja hiyo ilivyosimama kwa mguu mmoja: nguvu yake kubwa ni kwamba alikuwa na jeshi eneo hilo kwa wakati ufaao. Na Assam ni nchi ya matetemeko, huenda ardhi ndiyo iliyoliangusha. Lile la tarehe 12 Juni 1897 liliangusha majengo ya mawe huko kote. Nikibanwa nitasema Hussein Shah, lakini msahafu sishiki.

Wanaopenda simulizi ya Kalapahar wangetazama juu kidogo. Kitako cha hekalu ni cha mawe ya zamani, ya karne ya 8 au ya 9 kwa nakshi zake. Mafundi wa Koch walijaribu kurudisha mnara wa mawe wa mtindo wa nagara, ule wa mahekalu ya kaskazini mwa India, wakashindwa. Fundi aitwaye Meghamukdam ndiye aliyeamua kutumia matofali, na akainua kuba la mviringo kama mzinga wa nyuki, lililozungukwa na vinara vidogo. Ufundi huo wa kuba la matofali ulitoka majengo ya Kiislamu ya Bengal. Yaani paa la Devi limekopa kwa wale wale wanaolaumiwa kulibomoa. Hili kwenye video halimo.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wenzangu hulipita haraka. Edward Gait, katika historia yake ya Assam ya mwaka 1906, aliandika kwamba hekalu lilizinduliwa kwa vichwa vya watu 140 vilivyotolewa sadaka katika sahani za shaba. Wapo wanaosema tafsiri ilipotoka. Inawezekana, lakini Kalika Purana, andiko la kale la Kihindu, ina sura nzima ya sadaka za damu na binadamu ametajwa humo, kwa hiyo kulifuta suala zima kama uzushi wa wakoloni ni uvivu. Leo huchinjwa mbuzi na nyati, madume tu.

Ngano za Sati nitazipita. Idadi ya pitha 51, mahali vilipoangukia vipande vya mwili wake, mnayoikariri si ya maandiko yote, Kalika Purana yenyewe inataja saba. Inayonivutia ni ya kuhani Kendukalai. Alikuwa akiimba, Devi akatoka kumchezea. Mfalme Naranarayan akaomba achungulie. Devi akamwona, akamuua kuhani na kuulaani ukoo wa mfalme: yeyote wa damu yake asilitazame hekalu tena.

Usomaji wangu, ambao si kila mtu anaukubali, ni kwamba laana hii ni siasa iliyovaa sari. Mwaka 1581 ufalme wa Koch uligawanyika, na mwaka 1682 Waahom, watawala wa ufalme jirani wa Assam, wakaishika Guwahati moja kwa moja. Waliolijenga hekalu wakajikuta nje ya mlango, na ilibidi pawe na sababu isiyokuwa kushindwa vitani. Mfalme Rudra Singha wa Ahom akamwita Krishnaram Bhattacharya kutoka Bengal, na mwanawe Siva Singha akamkabidhi kuhani huyo hekalu. Kwa kuwa alikaa juu ya kilima, yeye na warithi wake wakaitwa Parbatiya Gosain, na hao hawakuhitaji kufumba macho.