Kumvua samaki asiyekula: salmoni na trauti wa bahari kwenye Mto Moy

Mtu aliyezoea mshipi wa Kilifi au wa Mwanza akifika Ballina, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, swali lake la kwanza ni chambo. Hapo ndipo siku inapoanza kuharibika. Salmoni wa Atlantiki akishatoka baharini na kuingia mtoni hali tena. Tumbo lake linasinyaa, na tangu siku hiyo anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Anayeingia Juni atataga mayai majira ya baridi, Desemba au hapo karibu, na miezi yote hiyo ya katikati hana chakula. Kwa nini basi anauma ndoana? Wapo wanaosema ni hasira, wapo wanaosema ni mazoea ya baharini ambayo hayajamtoka. Kwa mvuvi jibu linalofaa ni moja: samaki aliyeingia karibuni, kwenye maji yanayosogea na kupungua, anauma. Aliyekaa wiki tatu kwenye shimo moja, yaani sehemu ya mto yenye kina, maji yametulia, atakutazama tu. Kwa hiyo soma maji kwanza, chambo baadaye.

Moy unatoka milima ya Ox huko Sligo, unazunguka Mayo kwa takriban kilomita 100, unapita Foxford na kumwaga maji Ghuba ya Killala, chini kidogo ya Ballina. Msimu unafunguliwa 1 Februari na kufungwa 30 Septemba. Wanaoingia mapema, hasa Machi na Aprili, ni wachache na wakubwa, wamekaa baharini majira mawili ya baridi. Kuanzia Mei mwishoni hadi Julai ndipo yanapokuja makundi ya grilsi, yaani salmoni wa baridi moja, wengi wa kilo 2 hadi 3. Hao ndio waliolipa jina shimo la Ridge Pool, katikati ya mji kabisa, daraja na maduka vikiwa juu ya kichwa chako. Jack Charlton, bingwa wa dunia na England mwaka 1966 na baadaye kocha wa Ireland, alikuwa na nyumba Ballina, na si kwa sababu ya mpira.

Sasa maji. Maziwa ya Conn na Cullin yanamwaga ndani ya Moy, nayo hufanya kazi ya tangi: mvua ikinyesha yanajaa, kisha yanaachia polepole. Ndiyo maana sehemu ya chini ya Moy huweza kuvulika siku kadhaa baada ya mvua. Linganisha na Erriff, kusini kidogo, mto mfupi wa milimani: unapanda usiku, kesho yake jioni umeshashuka. Huko ukichelewa nusu siku umekosa. Idara ya serikali iitwayo OPW ina vituo vya kupima kina vinavyotuma takwimu kwenye tovuti yake, mtu yeyote anaona. Mimi siangalii sana namba yenyewe. Naangalia mstari wa grafu unaelekea wapi. Ukipanda, na maji yana rangi ya chai ya maziwa na majani yanaelea, pumzika: samaki wako safarini, hawasimami kuangalia kitu. Ukianza kushuka na maji yakabadilika kuwa kama chai ya rangi iliyozimuliwa, chukua fimbo uende. Joto nalo lina mpaka wake. Maji yakifikia nyuzi 20 za Selsiasi weka vifaa chini, kwa maana oksijeni imepungua na samaki utakayemrudisha atakufa nyuma yako bila wewe kujua.

Kwa vifaa, watu hununua fimbo kubwa kuliko mto. Fimbo ya mikono miwili ya futi 13 au 14 ina kazi yake Februari, maji yakiwa mengi na baridi. Kwa grilsi wa Juni, fimbo ya mkono mmoja ya futi 10, ya uzi namba 7 au 8, inatosha kabisa. Uzi unaoelea, wenye ncha inayozama taratibu. Mbele yake nailoni ya futi 9 hadi 12 yenye nguvu ya ratili 10 hadi 12; maji yakiwa makubwa panda hadi 15. Rili iwe na mita 100 au zaidi za uzi wa akiba, na breki yake uilegeze kuliko unavyodhani.

Nzi wa bandia wanaoaminika hapa wengi ni wa mtindo wa kamba wa baharini: manyoya marefu ya rangi ya chungwa, nyekundu na njano, yanayopumua majini. Ally's Shrimp, Cascade na Foxford Shrimp utawakuta katika kila kisanduku. Namba za ndoana zinakwenda kama kule Ziwa Viktoria, namba ikipanda ndoana inapungua: namba 6 au 8 kwa maji makubwa, 10 kwa maji ya kawaida, 12 hata 14 mto ukiwa chini na maang'avu. Mwezi wa Februari na Machi, maji yakiwa chini ya nyuzi 8, samaki hataki kupanda juu. Hapo tumia uzi unaozama na nzi mrefu wa sentimita 4 au 5, apite polepole karibu na anapolala.

Kutupa. Anza juu kabisa ya shimo, mahali maji ya kasi yanapoingia, na usikimbilie kuingia majini. Makosa ninayoyaona kila wiki ni ya mtu anayezama hadi kiunoni kisha anasimama juu ya samaki wale wale aliokuja kuwavua; grilsi hulala hata kwenye maji ya magoti. Tupa kuvuka mto, ukielekeza chini kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Uzi ukigusa maji, mkondo wa katikati utaushika na kuutengenezea tumbo, na tumbo hilo litamburuta nzi mbio. Inua ncha ya fimbo, ligeuze tumbo liangalie juu ya mto, mara moja, bila kumsumbua nzi. Kisha acha. Nzi avuke mto kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Akifika chini yako, mwache sekunde chache, vuta mikono miwili mitatu ya uzi, maana wapo wanaomfuata nzi mpaka pale. Piga hatua moja chini, tupa tena. Hatua na mtupo, hivyo hivyo mpaka mkia wa shimo.

Hatua hiyo ni adabu pia. Anayekuja nyuma anaingia juu yako, na anategemea usonge. Kung'ang'ania jiwe moja saa nzima kwa sababu umemwona samaki akiruka ni kuwazuia wenzako bure. Salmoni anayeruka mara nyingi ni mpita njia au ni yule mkaidi aliyekaa siku nyingi. Na kila baada ya mitupo michache angalia ndoana na uzi. Ukirudisha nyuma chini sana, ndoana inagonga mawe na ncha inavunjika, nawe utaendelea kuvua na kijiti cha manyoya. Fundo dogo linalojifunga kwa upepo hupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu.

Sasa kuuma kwenyewe, ambako wavuvi wazuri wa pwani hushindwa vibaya. Changu akidonoa unakung'uta mkono, la sivyo kaiba chambo. Salmoni humtaka mvuvi atulie. Anamchukua nzi, anafunga mdomo, anageuka kurudi alikotoka, na ni huko kugeuka kunakoipeleka ndoana kwenye pembe ya taya. Ukikung'uta ulipoona maji yametikisika, umemtolea mdomoni. Acha uzi utoke kwenye rili, usikie uzito wa kweli, ndipo uinue fimbo taratibu na kwa uthabiti. Ni sekunde mbili tu, lakini kuzivumilia kunaweza kuchukua misimu miwili.

Akishakamatika, kanuni ya wazee ni dakika moja kwa kila ratili. Akikimbia, mwache. Akiruka, inamisha ncha ya fimbo apate uzi uliolegea, asije akauangukia ukiwa umekaza. Jitahidi uwe usawa naye au chini yake, ili apigane na mkondo pamoja na wewe. Ukimvuta kutoka juu, unamvuta yeye pamoja na mto mzima. Wengi hupotea mita mbili kutoka kwenye wavu, mvuvi akiwa ameshaanza kufurahi: kaza breki hapo na samaki akafurukuta mara ya mwisho, kwaheri.

Kabla ya kuamua la kumfanya, jua ni nani. Trauti wa bahari mkubwa na grilsi hufanana mno. Tazama mkia: wa salmoni umeingia ndani katikati na shina lake ni jembamba, unaweza kumshika hapo kwa mkono mmoja asiteleze, wa trauti umenyooka na shina ni nene, anateleza. Taya ya juu ya salmoni inaishia usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho, ya trauti inapita. Madoa ya trauti yanashuka chini ya mstari wa ubavuni. Ukibaki na shaka, hesabu magamba kutoka pezi dogo la mafuta, lile la mgongoni karibu na mkia, hadi mstari huo: 10 hadi 13 ni salmoni, 13 hadi 16 ni trauti. Chawa wa bahari wenye mikia mirefu ni habari njema, maana mikia hiyo hudondoka baada ya siku moja au mbili nje ya chumvi. Na Machi jihadhari na salmoni aliyekwisha taga anayerudi baharini: ameng'aa kama mpya, lakini kichwa ni kikubwa kuliko mwili, mapezi yamechakaa, na ukifungua matamvua utakuta vimelea vyeupe. Huyo kumuua ni kosa la sheria.

Trauti wa bahari ana mambo yake. Ni jamii ile ile ya trauti wa kahawia waliopelekwa mito ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905. Tofauti ni kwamba huyu ameamua kwenda kula baharini na kurudi na rangi ya fedha mwilini. Mdomo wake ni laini, ukikaza unachanika, kwa hiyo fimbo iwe laini ya namba 5 au 6. Katika mito maang'avu ni samaki wa usiku. Mwishoni mwa Juni jua la Mayo linazama baada ya saa nne usiku, na mwenye haraka hutupa mara moja, akawatisha wote kabla giza halijaingia. Kaa ukingoni hadi usiweze kutofautisha rangi za majani ng'ambo. Yaani saa tano na nusu au zaidi. Kagua shimo mchana, jua matawi yako wapi, pima uzi wako kabla ya giza. Usiku wa joto usio na mbalamwezi ni bora. Ukungu ukitanda juu ya maji, mara nyingi kazi imekwisha.

Mlango wa Moy, kutoka Ballina hadi Ghuba ya Killala, ni habari nyingine, na nadhani mtu wa pwani atajisikia nyumbani. Trauti hapa bado wanakula, wakifukuza samaki wadogo wembamba wa mchangani. Wanavuliwa mchana, kwa mashua au kutoka ukingoni, kwa chambo cha bandia cha umbo la kijiko chembamba cha kung'aa, nzi wa fedha, au vipande vya samaki hao hao. Maji yakipwa, wafuate wanakokusanyika kwenye mikondo na kingo za mchanga zinazodondokea kilindini. Kujaa kunapoanza nako kuna saa moja nzuri.

Karatasi zisikupite. Unahitaji leseni ya serikali kwa salmoni na kwa trauti wa bahari anayezidi sentimita 40, pamoja na kibali cha mwenye sehemu ya mto. Leseni huja na kitabu cha kumbukumbu na lebo. Ukimuua samaki, lebo inapita kwenye matamvua na mdomo papo hapo, si ukifika kwenye gari, na kitabu kinajazwa. Muda ukiisha unarudisha kitabu na lebo zilizobaki. Kuuza salmoni aliyevuliwa kwa fimbo ni marufuku. Kila mwaka mito hupangwa upya: ya kuchukua, ya kurudisha tu, na iliyofungwa, hivyo orodha ya mwaka jana haikulindi. Kwenye mito ya kurudisha, nyungunyungu na kamba hairuhusiwi, na ndoana ziwe za jino moja au mawili yasiyo na kijiba. Sababu ya nyungunyungu ni kwamba samaki anammeza hadi ndani, na huwezi kumtoa akiwa mzima. Nyavu za kuelea baharini zilisimamishwa tangu mwaka 2007, lakini idadi ya wanaorudi haijapona. Trauti wa bahari wa magharibi waliporomoka ghafla mwaka 1989, wengi wakirudi mapema wamekonda na wamejaa chawa, na vizimba vya kufugia salmoni vilinyooshewa kidole.

Ukimrudisha, wavu uwe usio na mafundo na samaki abaki majini. Lowesha mikono kwanza. Picha isizidi sekunde 10 nje ya maji. Mshike kichwa kikielekea juu ya mto mpaka atoke mwenyewe mikononi. Usimsukume huku na huko.

Ukitoka mto mmoja kwenda mwingine, kausha viatu, wavu na nguo za majini kabisa, angalau saa 48, hasa ukitokea bara la Ulaya. Kuna kimelea kidogo, Gyrodactylus salaris, kinachoua salmoni wachanga na bado hakijaingia Ireland. Soli za sufi ndizo hukauka mwisho, kwa hiyo zianike kwanza.