Dakshundi ameingia Nakuru: ujue mgongo wake kabla ya kumnunua

Miaka ya nyuma, nikiitwa kutibu mbwa Milimani au Section 58, nilijua nitakayemkuta: jamani shepadi langoni, na mbwa koko wawili wa kumsaidia kubweka. Siku hizi napanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kule Naka au Kiamunyi, mlango unafunguliwa, na anayetangulia kunipokea ni dakshundi, yule mbwa mrefu wa miguu mifupi ambaye wengi wanamwita mbwa soseji. Analala kwenye kochi na watoto wamempa jina la binadamu.

Sababu yake inaonekana. Mji unajengwa kwenda juu, na mpangaji asiye na ua anatafuta mbwa anayetosha sebuleni. Dakshundi wa aina ndogo hazidi kilo 5 hivi. Tena anapendeza kwenye picha, na wanunuzi wengi humwona kwanza kwenye simu. Wimbi hili si la kwetu peke yetu: katika orodha ya mbwa wanaopendwa zaidi ya American Kennel Club, shirika la Marekani linalosajili mbwa, dakshundi alitoka nafasi ya 9 mwaka 2022 akafika ya 6 mwaka 2023.

Mimi ni daktari wa mifugo na mbwa huyu nampenda sana. Ndiyo maana inaniuma kuona mnunuzi ameelezwa bei, rangi na chanjo, lakini habari za mgongo hakuna aliyemgusia.

Dakshundi alizalishwa na wawindaji wa Ujerumani, waliotaka mbwa wa kuingia shimoni na kupambana na mnyama mchimbaji wa jamii moja na nyegere. Walimchagulia miguu mifupi, kifua kipana na sauti nzito, ili aliye juu ajue mbwa yuko wapi chini ya ardhi. Akichimbua maua yako au akimfukuza kuku wa jirani, anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Na ile sauti nzito, wapangaji wenzako wataisikia.

Sasa miguu yenyewe. Ufupi wake unatokana na jeni inayovuruga ukuaji wa gegedu, kwa hiyo mifupa mirefu haifiki urefu wake. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba nakala ya jeni hiyo iliyoko kwenye kromosomu ya 12 ya mbwa ndiyo pia inayoharibu diski za uti wa mgongo, na karibu kila dakshundi anayo. Hakuna mfugaji anayeweza kukuuzia umbo hilo akaiacha hatari hiyo nyuma.

Kati ya pingili na pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, kuna diski, na katikati ya diski kuna ute mzito unaopokea mshtuko mbwa anaporuka au kujipinda. Kwa mbwa wa kawaida ute huo hudumu miaka mingi. Kwa dakshundi huanza kubadilika kabla hajatimiza mwaka: unakauka, unaingiwa na chokaa, unavunjikavunjika kama ugali uliolala. Kisha siku moja, mara nyingi akiwa na umri wa miaka 3 hadi 7, diski inapasuka na vipande vinaibana kamba kuu ya neva iliyo juu yake. Takriban dakshundi mmoja kati ya wanne hupatwa na tatizo hili maishani mwake.

Dalili za mwanzo hudanganya. Mbwa anatetemeka, anakunja mgongo, tumbo linakuwa gumu, analia ukimbeba, anakataa ngazi alizozizoea. Mwenyewe hudhani ni tumbo. Mama mmoja aliniambia, “Daktari, nilifikiri amekula kitu kibaya, nikampa dawa ya minyoo.” Baadaye miguu ya nyuma huyumba, kucha zinaburuta sakafuni, na mwishowe hawezi kusimama wala kukojoa.

Hapo saa zina thamani kuliko pesa. Mbwa aliyepooza lakini bado anahisi maumivu ukimbana kidole cha mguu kwa nguvu ana nafasi nzuri ya kutembea tena akipasuliwa. Akishapoteza hisia hiyo, nafasi inashuka hadi karibu nusu, na kila saa inayopita inaipunguza zaidi. Wanaohitaji upasuaji mimi huwatuma Nairobi, safari ya kilomita 160 hivi, kwa hiyo ukisubiri kesho uone kama ataamka vizuri, huenda umeshachelewa.

Ukiona dalili, mfungie kizimbani asitembee, umlete siku hiyo hiyo. Mbebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukae sawa. Na nakuomba sana, usimpe dawa zako za maumivu. Diclofenac na ibuprofen humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na zinanifunga mikono mimi pia, kwa sababu dawa nyingine ninazoweza kuhitaji haziwezi kuchanganywa nazo. Wale ambao bado wanatembea, wengi hupona kwa dawa na kupumzishwa kizimbani wiki nne au zaidi, hata kama wiki ya pili anaonekana mzima na anakulilia umtoe.

Kuhusu kuzuia, la kwanza ni uzito. Mbwa wa kilo 5 akiongezeka kilo moja, ameongezeka sehemu ya tano ya mwili wake, na hiyo kilo hutokana na chapati ya mgeni na mabaki ya ugali. Unapaswa kuzihisi mbavu zake ukimpapasa. La pili ni mazoezi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliotembezwa zaidi ya saa moja kwa siku walipata tatizo la mgongo mara chache zaidi, kwa hiyo kumfungia ndani eti umlinde hakumsaidii. Tandika zulia penye vigae vinavyoteleza, tumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na ukitaka kumfunga kizazi subiri apite mwaka mmoja.

Neno kuhusu wale wa madoadoa, maana wanagombaniwa. Ukipandisha dume na jike wote wa madoadoa, takriban robo ya watoto hurithi jeni ya madoadoa pande zote mbili, na wengi wa hao huzaliwa viziwi, vipofu au na macho madogo yasiyokua. Muuzaji akijivunia kwamba wazazi wote wawili wana madoa, ondoka.

Muulize pia umri wa wazazi na kama yupo aliyewahi kupooza. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, mbwa hupigwa eksirei akiwa na miezi 24 hadi 48, diski zenye chokaa zikahesabiwa, na mwenye nyingi hazalishwi. Mashine ya eksirei si kitu kigeni hapa Kenya. Wewe unayezalisha dakshundi Nakuru, Njoro au Bahati, niletee jike lako kabla hujampandisha, tumpige picha tuzihesabu diski hizo pamoja.