Chanjo yenye muda mfupi si chanjo mbovu

Wapo watu Kigoma wanaoamini kwamba chanjo za janga, kama la UVIKO-19, zinazofika Afrika zikiwa zimebakiza wiki chache kabla ya muda wake kuisha ni mbovu zilizokataliwa Ulaya. Shaka hiyo ina chanzo: mwaka 2021 nchi tajiri zilikuwa zimejiwekea dozi nyingi kuliko mahitaji yao, na baadhi ya misaada ikafika muda ukiwa ukingoni. Hiyo ni dhuluma, maana dozi bado inatakiwa isafiri kwa boti hadi Kalya, kando ya Ziwa Tanganyika kusini mwa mkoa wa Kigoma. Ubora ni jambo jingine. Mpaka tarehe yake, chanjo ina nguvu inayotakiwa mradi ilihifadhiwa vizuri, kwa nyingi nyuzi joto 2 hadi 8.

Omba kuoneshwa kichupa. Kikiandikwa EXP (mwisho wa matumizi) 11/2021 bila siku, hutumika hadi Novemba 30. Chanjo nyingi za watoto zina alama ya duara lenye mraba ndani: rangi ya mraba lazima iwe hafifu kuliko ya duara. Ikilingana au kukoza zaidi, joto limezidi. Isitumike hata kama tarehe bado. Alama hiyo haioneshi kuganda, na chanjo nyingine hazina. Hapo uliza chati ya joto la friji, inayojazwa asubuhi na jioni.