Je, wajua? Ile kola ya madereva wa mbio haishiki shingo kabisa

Ukiangalia Safari Rally kule Naivasha, au Formula One kwenye TV, utamwona dereva anashuka garini na kitu kigumu cheusi kimemkaa mabegani kama kola, afu nyuma kina vimikanda viwili vimeungana na helmeti. Kinaitwa HANS (kifupi cha Head and Neck Support, yaani tegemeo la kichwa na shingo). Kazi yake nini?

Mimi jibu nilikuwa nalo miaka mingi na nililigawa bure kwa yeyote aliyeuliza na hata asiyeuliza: si ni kama ile kola ya hospitali, ukipata ajali wanakuvalisha ili shingo isicheze, sasa hawa wenzetu wanaivaa kabisa kabla ya ajali. Jibu tamu. Ila si kweli, na si kweli kwa namna tatu tofauti, ndo maana naandika.

Nilijua nimekosea siku nilipoenda Mid-Ohio, treki moja huku Ohio, kwenye zile siku ambazo klabu zinaruhusu mtu wa kawaida aje na gari lake la kwendea kazini akaliendeshe kwa mwendo ambao barabarani ungekupeleka mahakamani. Klabu ziko nyingi, kubwa mojawapo inaitwa NASA (siyo ya maroketi, hii ni National Auto Sport Association, na ndiyo, utani huo wameshausikia). Mgeni hashindani na mtu. Anaanza na darasa, anakaguliwa gari, afu anaingia treki na mwalimu amekaa siti ya abiria, na kumpita mwenzako ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa tu, tena mpaka wa mbele atoe mkono akuoneshe upite upande gani. Kuna adabu kule kuliko foleni ya Ubungo.

Basi mimi nikaja na HANS ya kuazima. Gari langu lina mkanda wa kawaida, ule wa bega moja na kiunoni. Nikavaa kola, nikajifunga mkanda juu yake, nikajiona bingwa wa dunia. Mwalimu akachungulia dirishani, akacheka, akaniambia vua hiyo, kwa gari hili haikusaidii kitu na inaweza kukuumiza. Nilibisha kidogo. Afu akauliza: shika hiyo kola, inagusa shingo wapi?

Nikashika. Haigusi popote. Imekalia mabega na kifua, shingo inapita katikati huru kabisa. Hilo ndo kosa la kwanza, haishiki shingo. Kosa la pili, sikujua kwamba jeraha inalozuia hasa ni kuvunjika kitako cha fuvu, pale chini ambapo kichwa kinakalia shingo. Na la tatu ndo lililoniuma zaidi: nilidhani hatari ni kichwa kugonga kitu. Kumbe mtu anaweza kufa kwa jeraha hili kichwa hakijagonga kitu chochote, helmeti haina hata mkwaruzo.

Inawezekanaje? Chukua embe bichi linaning'inia kwenye kikonyo chake. Shika tawi, lisukume kwa nguvu afu lisimamishe ghafla. Tawi limesimama kwa sababu umelishika, lakini embe halina habari, linaendelea na safari, na kitu pekee kinacholirudisha ni kikonyo. Ukisimamisha taratibu kikonyo kinahimili. Ukisimamisha ghafla kinakatika, na kinakatika pale kinapoungana na embe. Embe lenyewe halijaguswa na mtu.

Sasa tawi ni kiwiliwili chako, na aliyelishika ni mkanda. Gari la mashindano lina mkanda wa pointi tano au sita, mabega yote mawili, kiuno na katikati ya miguu, unavutwa mpaka unapumua kwa mahesabu. Gari likipiga ukuta, kiwiliwili kinasimama pamoja na gari. Kichwa hakijafungwa na mtu. Hesabu ya haraka: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, huo ni wastani wa karibu G 50, yaani kila kitu kinavuta mara 50 ya uzito wake. Kichwa ni kama kilo 5, helmeti weka kilo moja na nusu. Mara 50 inakuja kilo 325, zaidi ya magunia matatu na nusu ya mahindi yale ya kilo 90, yote yananing'inia kwenye kikonyo chako. Ni makadirio, ajali halisi haisimami kwa wastani, lakini picha umeipata. Na angalia hapo helmeti imefanya nini: imeongeza uzito wa embe. (Usiivue! Inafanya kazi yake nyingine vizuri tu, ni kwamba hii siyo kazi yake.)

Dawa ya HANS ni ya kijinga kwa urahisi wake. Unafunga uzi mmoja kila upande kutoka kwenye embe kwenda kwenye tawi, ufupi kiasi kwamba tawi likisimama, nyuzi zinakaza kabla kikonyo hakijavutwa sana. Basi. Vile vimikanda viwili ndo nyuzi, vinatoka kwenye helmeti kwenda kwenye kola, na kola imebanwa mabegani na mikanda ya gari inayopita juu ya mikono yake miwili. Nguvu inatoka kwenye helmeti, inapita kwenye kola, inaishia kifuani na kwenye mikanda, shingo inabaki kusindikiza tu.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini mwalimu alicheka. Mkanda wangu unapita bega moja, maana yake mkono mmoja wa kola umebanwa na mwingine uko huru kama mgeni wa harusi. Halafu mkanda wa kawaida unakuachia kiwiliwili kiende mbele kidogo na kujipinda, eabegi inakutana na wewe njiani, kwa hiyo kichwa na mwili vinasimama karibu pamoja na kikonyo hakivutwi kivile. (Viko vifaa vingine vilivyotengenezwa kwa mkanda wa kawaida, ila havikai kama hii.)

Kitu kinachonifurahisha, kama neno ni hilo, ni kwamba kuboresha nusu ni hatari kuliko kutoboresha. Mtu ananunua mikanda ya mashindano kwa sababu inapendeza, anaifunga kwenye gari la kawaida, kola hana. Ameshika tawi vizuri zaidi na embe kaliacha vilevile. Tena wanasema gari likipinduka na halina vyuma vya kushikilia paa, mkanda ule unakukalisha wima huku paa linakuja, wakati mkanda wa kawaida ungekuacha ulale pembeni. Hilo la pili limezoeleka sana kwenye klabu lakini ushahidi wake ni mwembamba kuliko sauti za wanaolisema, lichukue hivyo. Na klabu nyingi zina sheria kwamba mwalimu lazima afungwe kwa vifaa sawa na mwanafunzi, ukijinunulia mkanda wa kifahari mnunulie na yeye.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1981 dereva Mfaransa Patrick Jacquemart alifariki akijaribu gari, tena hapohapo Mid-Ohio, kwa jeraha hili. Rafiki yake Jim Downing, naye dereva, akaenda kwa shemeji yake Robert Hubbard, profesa wa Michigan State aliyekuwa anasoma mwili unavyoumia kwenye ajali, wakatengeneza kola ya kwanza. Madereva hawakuitaka. Inabana, shingo haigeuki, gari likiwaka moto nitatokaje. Mpaka Februari 2001 Dale Earnhardt, dereva maarufu wa NASCAR (mashindano makubwa ya magari Marekani), alipofia treki ya Daytona kwenye mzunguko wa mwisho. Hapo nako kuna ubishi: ripoti ya NASCAR ilitaja sababu kadhaa kwa pamoja, ukiwemo mkanda wa kiunoni uliokatika, wakati daktari huru aliyepitia picha za uchunguzi alisema tatizo ni kichwa kutozuiwa, mkanda haukubadilisha matokeo. Ajali moja haithibitishi kila kitu. Ila Oktoba mwaka huohuo NASCAR ikalazimisha kifaa cha kuzuia kichwa, Formula One ikafuata 2003, na SCCA, klabu kubwa ya mbio za wasiolipwa Marekani, ikasubiri mpaka 2012. Yaani anayelipwa kugonga ukuta alilindwa miaka kumi kabla ya anayejilipia.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi kwenye gari lenye siti na mikanda inayostahili, nikavaa HANS kihalali. Kweli kichwa hakigeuki sana, unaishi kwa vioo na kwa mwalimu anayekupigia kelele kwenye spika ya helmeti. Nimejifunga, nimevuta mikanda mpaka mbavu zimelalamika, nimewasha gari. Mwalimu akanyoosha mkono nyuma ya kichwa changu, nikasikia klik upande wa kushoto. Nilikuwa nimefunga uzi mmoja tu.