Swichi ya mlango: mashine ya vyombo hujuaje kwamba imefungwa?

Ukiusukuma mlango wa mashine ya kuosha vyombo mpaka ukagota, kwako wewe umeshafungwa. Kwa mashine, bado. Haina jicho la kuuona mlango wala mkono wa kuupapasa. Inasubiri taarifa moja tu kutoka kwa kidude kidogo kama kokwa ya tende, kilichofichwa ndani ya kitasa. Kidude hicho ndicho swichi ya mlango. Kisipotoa taarifa, unaweza kubonyeza kitufe cha kuanzisha mpaka kidole kiume: taa zitawaka, pengine zitamwekamweka, na maji hayataingia.

Tuanze na kitasa chenyewe, maana watu wengi hutupa lawama kwenye bodi ya umeme, yaani ubao unaoongoza kazi zote za mashine, kabla hata hawajakitazama. Kwenye mwili wa mashine, ukingoni mwa uwazi, kuna ndoano ya chuma au plastiki ngumu. Kwenye mlango kuna kitasa chenye ulimi, na mlango ukifika mwisho, ulimi huidaka ndoano. (Mashine nyingine zimegeuza mpangilio huo, ila kazi ni ileile.) Ulimi ukishadaka, kijiti husogea na kuibonyeza swichi. Ndani ya swichi mna kibati chembamba cha springi ambacho hakisogei polepole, bali huruka ghafla. Kwa mruko huo ncha za umeme hukutana au huachana papo hapo, bila kusitasita katikati ambako cheche zingezila. Mlio mdogo wa "tik" unaousikia ni kibati hicho kikiruka.

Swichi za namna hii zilibuniwa mwaka 1932 katika mji wa Freeport, jimbo la Illinois, Marekani. Katika jimbo hilohilo, mwaka 1886, Josephine Cochrane wa Shelbyville alipata hataza ya mashine yake ya kuosha vyombo. Ile ya kwanza ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo ukitaka kuifungua, unaacha kuizungusha, basi. Hatari ilikuja pale pampu na hita zilipoanza kujiendesha zenyewe. Leo mlango huo unazuia maji ya nyuzi joto 50 hadi 70 yanayorushwa kwa nguvu, pamoja na sabuni kali inayounguza macho, na hita ambayo mara nyingi hufikia wati 2,000 hivi. Swichi ipo ili mtoto akiuvuta mlango katikati ya kazi, kila kitu kisimame.

Sasa, mashine ikigoma, swali la kwanza ni hili: kitasa hakidaki, au kinadaka lakini swichi haitoi taarifa? Ni kasoro mbili tofauti, na sikio linakusaidia kuzitofautisha. Funga mlango taratibu. Usiposikia kitasa kikidaka, tatizo liko njiani: trei ya chini haijaingia mpaka mwisho, mpini wa mwiko umechomoza, au raba ya mlango imetoka kwenye mfereji wake na kujikunja. Raba mpya pia huwa ngumu siku za mwanzo na huusukuma mlango kurudi nje. Angalia vilevile kama ulimi umeshajifunga wenyewe kabla mlango haujafika. Hapo hauna nafasi ya kuidaka ndoano, na lazima uuachie kwanza kwa kuvuta kishikio.

Kama kitasa kinadaka na mashine bado imenuna, bonyeza kitufe cha kuanzisha huku ukiusukuma mlango kwa goti. Ikianza kazi, usinunue kitu. Umeshajua kwamba swichi ni nzima, ila haifikiwi. Pengo la milimita mbili tu linatosha.

Wifi yangu wa Mombasa yalimkuta hayo. Alibadilisha marumaru za jikoni, na tangu siku ile mashine ikawa haianzi. Fundi aliyeitwa alisema bodi imekufa na kutaja bei iliyomnyima usingizi. Nilipoweka pimamaji juu ya mashine, upande wa kushoto ulikuwa umeinuka: mguu mmoja wa mbele ulikuwa umekaa juu ya marumaru mpya na mingine mitatu kwenye sakafu ya zamani. Mwili wa mashine ukipinda, ndoano na ulimi hupishana. Tulizungusha miguu mpaka povu la pimamaji likakaa katikati, mlango ukalia "tik", na bodi ile iliyotangazwa imekufa inaosha vyombo hadi leo. Bado nasikitika nikiwaza ni watu wangapi wamelipia bodi kwa kosa la mguu.

Pwani kuna adui mwingine, nao ni chumvi. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe kwenye ulimi wa kitasa, na hewa ya bahari hula vichwa vya waya mpaka vikawa kijani. Ukoko unalainika kwa kitambaa chenye siki ya uvuguvugu. Kutu ya kwenye waya ni kazi ya ndani, na kabla ya kufungua skrubu hata moja chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima kitufe cha mashine hakutoshi.

Ukishafungua bamba la ndani la mlango, swichi hupimwa kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, ikiwa kwenye kipimo cha omu (ukinzani wa umeme). Vua waya zake (zipige picha kwanza), weka ncha za kipimo kwenye vichwa viwili vilivyokuwa na waya, kisha bonyeza kijiti kwa kidole. Nyingi huonyesha karibu sifuri zikibonyezwa, na zikiachiwa, umeme haupiti kabisa. Namba ikiruka ovyo au isipobadilika, swichi imekwisha. Ikipita kipimo vizuri, fuata waya hadi kwenye bawaba, mahali zinapokunjwa kila mlango unapofunguliwa, maana hukatika ndani bila ganda la nje kuonyesha jeraha. Bodi iwe ya mwisho kushukiwa.

Kuna mafundi wanaounganisha waya mbili moja kwa moja na kuiruka swichi. Tafadhali usikubali. Mashine hiyo itaamini daima kwamba imefungwa, hata mlango ukiwa wazi na mtoto amesimama mbele yake. Swichi iliyoungua ndani na ncha zake zikashikana huleta hatari hiyohiyo bila mtu kuigusa.

Ukienda dukani, chukua kitasa cha zamani pamoja na namba ya modeli, ambayo huandikwa kwenye ukingo wa mlango. Ukishafunga kipya, anzisha mzunguko ukiwa hujaweka vyombo, subiri maji yaanze kurushwa, kisha ufungue mlango polepole, kidogo tu. Pampu inatakiwa inyamaze kabla hujauona mvuke.