Mtandao umejaa, pesa haziendi

Mama mmoja ambaye ni wakala wa huduma za fedha kwa simu, nje kidogo ya Dar es Salaam, aliniita siku moja baada ya kusikia kwamba kazi yangu ni kupima mawimbi ya mitandao ya simu. Alinisogezea simu yake, akasema, "Mwanangu, hebu angalia mwenyewe. Mtandao umejaa mpaka juu, lakini pesa haziendi. Wateja wanadhani nakula hela zao." Ofisi yake ni kontena la chuma lililokatwa dirisha moja upande wa barabarani, na simu ya kazi huitundika kwenye msumari kando ya dirisha hilo, kwa kuwa alikwisha kugundua mwenyewe kwamba ikikaa mezani haifanyi lolote. Huduma kwa wateja alishawapigia mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: zima simu, kisha iwashe tena.

Nimeamua kuyaeleza mambo haya kwa kirefu kwa sababu malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa, na kila sehemu ya malalamiko hayo ilikuwa na maelezo ya kitaalamu ambayo hakuna mtu aliyejishughulisha kumpa. Nitaanza na vile vistari vya mtandao vinavyoonekana juu ya kioo, kwa kuwa ndivyo vilivyomfanya yeye aaminike kidogo kuliko simu yake.

Watu wengi huvichukulia vistari kama mshale wa mafuta kwenye gari, yaani kipimo kinachosoma kitu kile kile kwa namna ile ile popote. Sivyo vilivyo. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema kistari kimoja ni nguvu kiasi gani ya mawimbi. Viwango vya kimataifa vinaieleza simu namna ya kupima mawimbi kwa usahihi mkubwa, lakini namna ya kukigeuza kipimo hicho kuwa vistari imeachiwa watengenezaji wa simu, ambao kila mmoja huchora mipaka yake, pengine baada ya kuombwa na kampuni ya mtandao. Ndiyo maana simu mbili zenye laini za kampuni moja, zikiwa juu ya meza moja, zinaweza kuonyesha moja vistari viwili na nyingine vinne, ilhali zote zinapokea kitu kile kile.

Kipimo chenyewe kipo ndani ya simu, na huandikwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka milliwati moja. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi: -70 ni nzuri sana, -110 ni dhaifu. Anayeanza kuisoma lazima akumbuke kwamba haipandi wala kushuka kama bei za sokoni. Kila desibeli 3 zinapopotea, nguvu hubaki nusu. Zikipotea 10, inabaki sehemu moja ya kumi. Zikipotea 20, inabaki sehemu moja ya mia. Simu inayopokea -100 dBm inafanya kazi na sehemu moja ya trilioni kumi ya wati, na bado ndani ya kiasi hicho inachambua sauti ya mtu. Mimi niko kwenye kazi hii miaka mingi na jambo hilo bado linanistaajabisha.

Kisa kilichoufumbua ulimwengu macho kuhusu vistari ni kile cha iPhone 4, ambayo Apple iliianza kuiuza tarehe 24 Juni 2010 katika nchi tano, Marekani ikiwa mojawapo. Simu hiyo ilizungushiwa ukanda wa chuma cha pua ambao ndio uliokuwa antena, nao ukanda uliachwa na nafasi nyembamba ili kutenganisha antena moja na nyingine. Nafasi moja ilikuwa upande wa kushoto, chini, mahali ambapo kiganja cha mtu anayeishika simu kwa mkono wa kushoto hutua bila yeye kukusudia. Mkono wa binadamu umejaa maji na chumvi. Ukiziba nafasi ile, unaziunganisha sehemu mbili zilizotakiwa kuwa mbalimbali, na antena inahama kutoka kwenye masafa iliyokatiwa. Wateja walianza kulalamika siku ile ile ya kwanza kwamba vistari vinaporomoka mbele ya macho yao, na mmoja wao aliyemwandikia Steve Jobs, mkuu wa Apple, alijibiwa kwamba aepuke kuishika simu kwa namna hiyo.

Jarida la mtandaoni la AnandTech lilifanya kile ambacho mtu wa fani yangu angetaka kifanyike kwanza, yaani lilipima. Lilikuta kwamba simu hiyo ikikumbatiwa sana kwa kiganja inapoteza takriban desibeli 24, ambazo ni sawa na kubakiwa na sehemu moja tu kati ya 250 za nguvu iliyokuwapo. Simu nyingine nazo zilipoteza, kwa kuwa hakuna simu isiyozibwa na mkono, lakini hazikupoteza kiasi kikubwa kama hicho. Jarida hilo likaonyesha pia mipaka ya vistari, na hapo ndipo palipokuwa na jambo kubwa. Vistari vitano vilianzia mawimbi ya nguvu sana na kushuka mpaka -91 dBm. Vinne viliishia -101. Vitatu viliishia -103. Viwili viliishia -107. Na kimoja kiliishia -113, ambapo simu husema hakuna huduma. Yaani sehemu kubwa mno ya ngazi yote ilikuwa imepewa vistari vitano, kisha vingine vikabanwa kwenye kipande kidogo cha mwisho.

Naomba msomaji atulie na namba hizo. Mtu aliyekaa karibu na mnara, akipokea -60, akiishika simu vibaya anashuka mpaka -84, na vistari vyake vinabaki vitano vile vile. Huyo ataapa kwamba simu haina kasoro. Jirani yake anayepokea -90 naye anaona vistari vitano, lakini akiishika simu vibaya anafika -114, na maongezi yanakatika. Wote wawili wanasema kweli. Wote wawili walikuwa na simu moja yenye vistari vilivyojaa. Ubishi wa wiki nzima, watu wakiitana waongo, ulizaliwa na mchoro ambao haukutofautisha mawimbi yanayopishana nguvu mara elfu moja.

Tarehe 2 Julai Apple yenyewe ilitoa barua ikikiri kwamba hesabu iliyotumiwa kuonyesha vistari haikuwa sahihi hata kidogo, na kwamba mara nyingi simu ilionyesha vistari viwili zaidi ya vilivyostahili. Tarehe 12 Julai Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, ikatangaza kwamba haiwezi kuipendekeza simu hiyo kwa wanunuzi, na siku nne baadaye Jobs alisimama mbele ya waandishi wa habari na kuahidi kava la bure kwa kila mteja. Kava lilisaidia kweli, kwa sababu liliutenga mkono na chuma. Mwaka 2012 kesi ya wateja wa Marekani ilimalizwa kwa makubaliano ya dola 15 au kava. Kasoro ya antena nayo ilitibiwa: iPhone 4S ya Oktoba 2011 iliweza kuchagua antena moja kati ya mbili kulingana na namna ilivyoshikwa. Lakini kasoro ya vistari, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, imebaki katika simu za kampuni zote mpaka leo, kwa kuwa bado kila mtengenezaji anajichorea.

Hata vistari vingekuwa vya haki, bado vingesema jambo moja tu, nalo ni jinsi simu inavyousikia mnara. Mazungumzo yana pande mbili. Mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati, wakati simu ya 4G huruhusiwa kurusha milliwati 200 tu, kwa hiyo yapo maeneo, hasa mabondeni na pembezoni mwa eneo la mnara, ambapo simu inausikia mnara vizuri na mnara hauisikii simu. Hapo utapiga, utasubiri, na simu itakatika kimya kimya, huku ikirusha kwa nguvu zake zote na kumaliza chaji. Vistari havisemi pia ni watu wangapi wanaugawana mnara huo. Aliyewahi kujaribu kutuma picha kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mechi ya Simba na Yanga anajua kwamba vistari vinaweza kujaa na intaneti isisogee, kwa sababu barabara ni pana lakini magari yote yameingia kwa pamoja.

Kuna pia suala la masafa, na hapa wanunuzi wa simu zilizotumika huumia bila kujua. Mnara mmoja hurusha mawimbi ya masafa mbalimbali, na simu husikia yale tu iliyotengenezewa. Toleo moja la iPhone 5 lililouzwa Marekani, lenye namba A1428, lilikuwa na bendi (yaani vipande vya masafa) mbili tu za 4G, bendi ya 4 na ya 17, ambazo ni za huko Amerika. Mtu aliyeileta huku aliweza kukaa chini ya mnara wa 4G na asione 4G maisha yake yote. Kabla ya kulipa, angalia namba ya toleo na bendi zake, si rangi na ukubwa wa hifadhi.

Sasa nirudi kwenye kontena. Chuma hakipitishi mawimbi ya redio; yanayoingia mle yanaingia kupitia dirisha na mlango, na ndiyo maana msumari wa mama yule ulikuwa mahali sahihi kuliko meza. Nilifungua sehemu ya mipangilio inayoeleza hali ya laini, nikasoma kipimo cha 4G pale msumarini: -94 dBm. Kwa 4G hiyo ni namba nzuri, na simu yake ilikuwa na haki ya kujaza vistari. (Namba za 4G husomeka chini kuliko za 3G na 2G kwa kuwa hupima kipande chembamba tu cha mawimbi, hivyo zisilinganishwe moja kwa moja.) Nikamwomba afanye muamala mdogo mbele yangu. Alipobonyeza ile namba inayoanzia na *150*, herufi za 4G zilitoweka juu ya kioo, ikaja H, ambayo ni alama ya 3G, vistari vikabaki kimoja, na baada ya sekunde kadhaa ikaja taarifa kwamba ombi limeshindikana. Kisha 4G ikarudi, na vistari vikajaa tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tatizo lote lilikuwa katika sekunde hizo. Menyu za fedha zinazofunguliwa kwa nyota na reli ni teknolojia ya zamani iliyozaliwa pamoja na 2G, na kwenye mitandao mingi simu iliyo kwenye 4G hulazimika kuiacha 4G na kushuka mpaka 3G au 2G ili kuzipitisha, kama ambavyo simu nyingi hufanya hata kwa maongezi ya kawaida ikiwa huduma ya sauti juu ya 4G haijawashwa. Pale kwake 4G ilikuja kwa megahezi 800, mawimbi marefu yanayoingia ndani ya majengo kwa wepesi, na 3G ikaja kwa megahezi 2100, ambayo huishiwa nguvu mapema zaidi inapokutana na kuta na vizuizi. Nilipoifunga simu kwenye 3G peke yake, kipimo cha msumarini kilikuwa -109 dBm. Vistari vilikuwa vinaisifu barabara ambayo pesa haikupita.

Msomaji anayetaka kujua namba za simu yake hahitaji kuwa mhandisi. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Kwa 4G, namba iliyo juu ya -95 haina sababu ya kukusumbua, na ikiwa bado intaneti haisogei, basi huenda mnara umeelemewa. Ikishuka chini ya -115, kosa ni la umbali au ukuta. Soma namba hiyo sehemu tatu za nyumba, asubuhi na usiku, uziandike na saa, kisha ndipo upeleke malalamiko. Mtu wa huduma kwa wateja atapata shida kukuambia uzime na kuwasha simu ikiwa umemsomea vipimo sita. Ila nakusihi usinunue vile vikuza mawimbi vinavyouzwa kiholela bila idhini, kwa sababu kikuza kibovu hupiga kelele kwenye mnara na kuwaharibia majirani wote.

Kwa mama yule nilifanya jambo moja dogo. Menyu za fedha zinabeba herufi chache sana, kwa hiyo hazihitaji kasi, na 2G ya megahezi 900 ilikuwa inafika msumarini kwa -92 dBm bila wasiwasi. Nikaiweka simu ya kazi kwenye 2G peke yake, akajaribu muamala wa kwanza, ukapita. Wa pili, ukapita. Akamwita kijana aliyekuwa akisubiri nje tangu asubuhi, naye wake ukapita. Aliitazama simu, akaniuliza mbona sasa mtandao umepungua, vistari vimebaki vitatu.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Iache hivyo hivyo."